Kesari na Gunia

Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa tayari linanguruma mlangoni, masanduku yamefungwa kamba juu, na Shakuntala bado yuko varandani anabishana na paka.

"Kesari, ingia. Ingia, mtoto. Usiniaibishe mbele ya watu."

Paka mwenyewe alikuwa dume kubwa, rangi ya bizari, kichwa kipana kama ngumi ya mkata mbao. Umri wake hakuna aliyeujua sawasawa, ila ujana alikuwa ameshaupita. Aliingia kikapuni polepole kama mzee anayepanda ngazi, akajilaza juu ya shali kuukuu ya kijani ya huyo mama, akafumba macho. Kikapu kilikuwa cha matete, kina mlango wa vijiti mbele, hivi kwamba aliye ndani anaona nje bila shida.

Kiptum alisimama kando ya pikapu yake, kofia mkononi. Alikuwa ameendesha malori ya marehemu mume wa Shakuntala tangu nywele zake zikiwa nyeusi, mbao na mabati, Kampala, Kigali, mpaka Juba. Alipoacha lori alibaki na pikapu iliyochoka na ile tabia ya kutokaa mahali pamoja mwezi ukaisha.

"Kiptum bhai," Shakuntala alisema, "huyu siwezi kumpa mtu tu. Mwanangu Lalit anasema fleti yake huko Leicester, Uingereza, hawakubali mnyama. Nimefikiria watu wote wa Nakuru, nikafika kwako."

"Mama Lalit, mimi mwenyewe sina kwangu. Nakaa kwa binti yangu Kiamunyi."

"Basi mtakuwa wageni wawili." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Niahidi atapata nyumba. Sio stoo, sio sokoni. Nyumba."

Kiptum alikuwa ameahidi watu mengi maishani. Watu wa Malaba aliwaambia narudi wiki ijayo. Mama mmoja wa Kitale alimwambia narudi Krismasi. Marehemu mke wake alimwambia narudi kesho, si mara moja. Ahadi hizo zilibaki kando ya barabara kuu kama vipande vya tairi lililopasuka. Lakini huyu mama alikuwa amesimama kwenye jua la asubuhi amevaa koti zito, amejiandaa kwa baridi ambayo hajawahi kuiona, na Kiptum akajisikia akisema, "Nimekuahidi, Mama Lalit. Nyumba."

Gari likaondoka. Mkono wenye bangili uliendelea kupunga mpaka kona ya mijakaranda, ukapotea.

Hapo sasa ndipo Kiptum alipoharibu, na aliharibu kwa kujua kwake, si kwa kutojua. Kwao upande wa Mogotio, paka hahamishwi akiona. Kila mtu anajua. Unamtia kwenye gunia, unafunga mdomo, unamzungusha hadi apoteze njia. Usipofanya hivyo utaamka kesho umkose, amerudi alikotoka. Kiptum alikuwa amehamishia nusu ya ukoo wao paka kwa njia hiyo, na hakuna aliyewahi kulalamika, labda kwa sababu paka hawaulizwi. Akavuta chini ya kiti gunia la nailoni lililokuwa limebeba mbolea, akafungua mlango wa kikapu, akakiinamisha, akakung'uta. Kesari akaanguka gizani na sauti ambayo haikuwa ya paka.

Na kwa vile Kiptum alikuwa dereva, hakuzunguka kidogo. Kutoka Milimani kwa Mama Lalit kwenda Kiamunyi ni safari ya mtu kumaliza muwa mmoja. Yeye alipitia Section 58, akafika Lanet, akageuza, akakata mji katikati, akaenda mpaka njia panda ya Njoro, akageuza tena. Kila kwenye tuta gunia liliruka kwenye kiti cha abiria na kuanguka. "Pole, ndugu yangu," Kiptum alikuwa akisema, akipiga mluzi. "Hata mimi sasa sijui tulitokea wapi."

Binti yake Chepkemei alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa ndicho karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, benchi la kastoma, na kando ya benchi gunia kubwa la vipande vya vitambaa vilivyobaki. Kiptum aliweka mzigo wake katikati ya sakafu, akafungua kamba.

Kesari alitoka kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Alipitisha makucha kwenye mkono wa Kiptum kutoka kifundo hadi kiwiko, akaruka cherehani, akapanda pazia, pazia likashuka naye, akajificha nyuma ya kabati.

"Baba," Chepkemei alisema, pini zikiwa mdomoni, "umeniletea nini?"

"Paka. Wa panya."

"Huyo anashika watu."

Na kweli alishika watu. Wiki hiyo na iliyofuata, Kesari alikuwa na siku za amani, amelala dirishani akitazama mlima Menengai kama mwenye shamba. Ghafla tu, bila neno, alikuwa kwenye mguu wa mtu. Chepkemei akivuta vitambaa vyake kutoka kwenye gunia, anakwaruzwa. Wamaitha, jirani, alileta viazi vya shambani kwake, akaingia akipiga hodi na kicheko chake kikubwa. Alitoka akichechemea, viazi vimetawanyika hadi barabarani.

Kiptum naye alikwaruzwa kila alipoenda kumlisha. Hilo ndilo lilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa amemwekea malazi mazuri. Lile gunia lake la mbolea, badala ya kulitupa, alilikunja vizuri akalitandika kwenye kona ya jikoni, pawe mahali pa paka pa kulala. Kesari hakulikanyaga hata siku moja. Alilala dirishani, kwenye baridi.

Walijaribu yale watu hujaribu. Chepkemei alishika ufagio. Paka akajifunza kuuchukia ufagio pia. Kiptum akajaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akamnyunyizia. Paka akawa mkali na mwenye maji.

"Mzee," Wamaitha alisema juu ya ua, ameinua gauni kuonyesha plasta, "huyo kwao alizoea kuamshwa na kengele na ubani. Hapa anaamshwa na redio yako ikipiga kelele za mbio za nyika. Mlitarajia nini?"

"Amekuuma kwa sababu unaongea sana."

"Ningekuwa naumwa kwa kuongea, ningekuwa nimebaki kucha."

Chepkemei hakucheka. Alikuwa na kazi ya harusi ya watu wa Ngata, nguo za bibi harusi na wasichana wake wote, na mwisho wa mwezi wangekuja nyumbani kwake kupimisha kwa mara ya mwisho. Kazi kubwa kama hiyo alikuwa hajawahi kupata.

"Baba, nisikilize. Akimgusa hata msichana mmoja wa harusi, anaenda. Kuna mtu wa ghala la mahindi Njoro anatafuta paka mkali. Nimeshaongea naye."

"Hilo ni ghala. Mimi niliahidi nyumba."

"Ghala lina paa."

 Chumbani kwa Kiptum, chini ya kitanda, kulikuwa na begi lake la safari, zipu imefungwa, shati mbili na blanketi ndani, kama alivyoliweka siku aliyofika. Alijijua. Kama paka angepelekwa Njoro, yeye angemsindikiza, na baada ya Njoro kuna Molo, na baada ya Molo barabara inaendelea tu. Asingerudi. Angesema narudi kesho.

"Na usinitishe na hiyo begi yako," Chepkemei alisema, kana kwamba mzee ameongea. "Naiona kila nikifagia."

Jambo lenyewe lilijitokeza siku mwalimu Jerotich alipokuja kuchukua sketi yake. Alikuwa mwanamke mtulivu, asiye na haraka. Alikaa kwenye benchi, akaanza kusahihisha vitabu vya wanafunzi. Kiptum alikuwa mlangoni na gazeti. Kesari alishuka dirishani, akapita katikati ya sakafu, akanusa viatu vya mwalimu, akasugua shavu lake kwenye muundi wake. Akarudia mara ya pili. Akaanza kunguruma kwa raha.

"Baba," Chepkemei alinong'ona, "usipumue."

"Kumbe ni mzuri hivi," mwalimu alisema, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Kiwiko chake kikasukuma lile gunia la vitambaa. Nailoni ikalia, chwararara.

Kiptum aliona. Masikio ya paka yalilala na kugeukia gunia kabla macho yake hayajafika kwa mwalimu. Kisha makucha yakaingia kwenye mguu uleule aliokuwa ameusugua.

Wakati Chepkemei anaosha mguu wa mwalimu na kuomba msamaha, Kiptum alienda jikoni, akachukua gunia la mbolea kwenye kona, akatoka nalo nje, akasimama chini ya dirisha na kulifinyanga kwa mikono miwili. Ndani, Kesari akavimba mara mbili ya ukubwa wake. Kiptum akaliacha gunia. Paka akashuka kidogo kidogo kama unga uliochachuka kisha ukapigwa ngumi. Akalifinyanga tena. Paka akavimba tena.

"Chepkemei!" Kiptum aliita. "Huyu paka hana neno na watu."

"Njoo umwambie mwalimu hivyo."

"Ana neno na gunia. Wewe unavuta vitambaa, gunia. Wamaitha na viazi vyake, gunia. Mimi nimemtandikia gunia jikoni, namfuata kumlisha huku nalikanyaga!"

"Gunia lilimfanya nini?"

Kiptum akakuna shingo. Kisha akaeleza, bila kuficha, maana mpaka siku hiyo alikuwa anaona ni ujanja wa kujivunia. Maelezo yalipofika Lanet, Chepkemei alitoa pini mdomoni.

"Lanet? Milimani kuja Kiamunyi, ukapitia Lanet?"

"Na njia panda ya Njoro. Ili asijue njia."

"Uuui, Baba!" Alicheka mpaka akajishika kwenye cherehani, na mwalimu Jerotich naye, mguu kwenye beseni, akacheka. "Mtu amezeeka na adabu zake, anatoka kwa mama yake amekaa kwenye shali, unamfunga na mbolea unampeleka safari ya mkoa mzima! Bahati yako hakukutoa jicho."

Jioni hiyo Kiptum alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akawaza. Yeye mwenyewe, popote alipolala, alitoka nje kwanza aone barabara imeelekea wapi. Asipojua pa kutokea, hakupata usingizi. Kwa lori, kwa gesti, hata hapa kwa mtoto wake. Na huyu mwenzake alikuwa amenyimwa hicho kitu kimoja.

Kesho yake alianza kazi. Magunia yote yalitolewa ndani ya nyumba, na vitambaa vikamiminwa kwenye makreti ya soda aliyoyaomba kwa duka la kona. Akaenda kwenye pikapu akatoa kile kikapu cha matete, shali bado imo, imejaa manyoya ya njano na harufu ya nyumba ile. Akakiweka chini ya meza ya kukatia, pembeni, mlango ukitazama mlango wa nyumba. Kesari alikizunguka, akaingia, akageuka mara kadhaa, akalala mpaka saa ya kula ikampita.

Kiptum akatangaza sheria. Hakuna kumbeba. Hakuna kumfuata akiwa ndani ya kikapu. Hakuna kumkodolea macho. Ukimtazama, fumba macho polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Hakuna ufagio. Anayetaka salamu akae chini angoje asalimiwe.

"Kwa hivyo sasa tumepata mkwe," Wamaitha alisema juu ya ua.

"Na wewe ukija na viazi, beba kwa ndoo."

Kwa fimbo na utepe wa kitambaa chekundu alimtengenezea mchezo. Asubuhi kabla kastoma hawajaanza kuja, mzee na paka walikimbizana na huo utepe sakafuni, mmoja ameketi na mwingine anaruka, mpaka Kesari akachoka na kujitupa ubavu, ulimi nje. Hamu yote ya kuuma aliyoamka nayo aliimalizia kwenye kitambaa.

Gunia lilibaki. Huwezi kufukuza magunia yote duniani, Kiptum alijua hilo, hasa Nakuru. Akakata kipande cha nailoni kidogo kama leso, akakiweka mbali, mlango wa jikoni, na juu yake omena mmoja. Siku ya kwanza Kesari alikaa akimtukana omena kwa mbali. Siku nyingine alinyoosha mkono akamvuta. Baadaye akala papo hapo. Kiptum akaongeza kipande, akakisogeza, akakifinyanga kidogo kabla ya kuweka samaki. Gunia linalia, omena anatokea. Gunia linalia, omena anatokea.

"Nyumba yangu inanuka bandari," Chepkemei alisema. Lakini alikuwa ndiye anayenunua omena.

Na kila alipoenda kuchukua maziwa, Kiptum alimweka Kesari kwenye kikapu chake juu ya kiti cha mbele, mlango wa vijiti ukitazama kioo. Siku moja hakugeukia kwa maziwa. Alishuka moja kwa moja mpaka Milimani, kwa njia ile fupi, polepole, wenye bodaboda wakimpigia honi, "Mzee, vipi, umelala?" Akasimama mbele ya geti la zamani. Ndani kulikuwa na nguo za watu wengine zimeanikwa, na mbwa.

Kiptum alifungua kikapu. Akateremsha kioo nusu. Alijua kwamba kama paka angeruka, ahadi ingeruka naye.

"Ni hapo," alisema. "Sasa njia unaijua. Ukitaka, shuka."

Kesari alipanda juu ya dashibodi. Alinusa hewa ya kioo. Alitazama geti, varanda, mbwa, geti tena, ncha ya mkia ikichezacheza. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Kiptum alizima injini. Kisha akarudi kikapuni, akainua mguu mmoja kama bunduki, akaanza kujilamba.

Wakarudi Kiamunyi kwa njia ileile. Kila kona Kiptum alimwambia jina lake.

Siku ya watu wa harusi ilifika, na nyumba ikajaa wasichana, marashi, na simu za kupigia picha. "Niaje, paka," mmoja alisema, akainama chini ya meza. Kiptum akakohoa, msichana akafumba macho polepole kama alivyofundishwa mlangoni, Kesari naye akafumba. Nguo zikavaliwa, pini zikawekwa. Chepkemei alianza kupumua kama mtu.

Ndipo shangazi ya bibi harusi akaingia. Alikuwa ametoka Kuresoi, mnene, mwenye furaha, na begani alikuwa na gunia la nailoni limejaa mahindi mabichi, zawadi ya fundi. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za ndoo. Alilishusha katikati ya chumba. Chwararara.

Chumba kizima hakikujua kwa nini fundi amekuwa jiwe. Kesari alitoka chini ya meza, mgongo umepinda, mkia kama brashi ya chupa.

"Mama," Kiptum alisema kwa upole kutoka kwenye kiti chake, "usisonge."

"Nisisonge kwa sababu ya paka?"

"Kwa sababu ya gunia."

"Gunia ni langu!"

"Ni lako, mama. Usisonge tu."

Kesari akaenda, hatua fupifupi. Akafika kwenye gunia. Akalinusa chini, akalinusa juu. Mkia ukaanza kupungua. Halafu akapanda juu ya mahindi ya watu, akaketi wima, akamgeukia Kiptum, akamtazama kama mgeni aliyekaa na chai haijaletwa. Akalia mara moja, kwa sauti ya kudai.

Kiptum alitafuta mkebe wa omena mfukoni. Akamtupia mmoja. Kesari akamla palepale juu ya gunia, akalamba nailoni, akadai mwingine.

"Huyu anataka kununua mahindi," shangazi alisema, na wasichana wakaangua kicheko. Chepkemei aligeukia ukuta, akachelewa kugeuka tena.

Walipoondoka, aliokota pini na nyuzi sakafuni. Baba yake alikuwa bado kwenye kiti, paka amelala miguuni pake.

"Baba, hiyo begi iliyo chini ya kitanda chako."

"Imefanya nini?"

"Nataka kuwekea vitambaa. Hayo makreti mwenye duka anayadai."

Kiptum alimtazama kidogo. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akafungua zipu, akatoa shati mbili akazitundika ukutani, akatandika blanketi kitandani, akaleta begi likiwa tupu.

Harusi ya Ngata ilifanyika, na nguo zikamkaa kila mtu. Baadaye Chepkemei alikodi chumba cha duka karibu na steji ya matatu, akaajiri fundi mmoja. Mwalimu Jerotich ana kovu dogo mguuni, na bado anashonewa na Chepkemei. Wamaitha aliuza shamba lake la viazi akahamia Bahati kwa dada yake. Hupiga simu kuuliza paka kabla ya kuuliza watu. Ghala la Njoro lilipata paka mwingine. Shakuntala anaishi Leicester na Lalit, huona Kesari kwenye simu siku za Jumapili, na Kesari hugeuza mgongo. Pikapu ilikufa, ikauzwa kama vyuma. Kesari amenenepa, amepoteza meno mawili, hajawahi kushika panya, na hulala juu ya gunia la mkaa. Kiptum bado yuko Kiamunyi.